Gasketi ya manifoldi ya hewa: ipi ikufae unapolandanisha njia za silinda hedi

Kulandanisha njia za hewa ni kuhakikisha mdomo wa manifoldi (bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda) unakutana sawasawa na mdomo wa silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda, chenye valvu), ili hewa ipite bila kujikwaa. Kazi yenyewe ni ya grainda, msasa na subira. Ila kati ya midomo hiyo miwili kuna kipande cha tatu, gasketi inayoziba kiungo hicho, na hapo ndipo watu wengi hukwama: wachukue ya nyuzi, ya chuma, ya fremu ya plastiki, au wakate yao wenyewe?

Mazoea yaliyoenea ni kununua gasketi kwanza, kuibandika juu ya hedi, kuchora kwa kufuata ukingo wa tundu lake, kisha kuwasha grainda. Mazoea hayo yanaiachia gasketi iamue ukubwa wa njia, na mimi siyakubali. Gasketi nyingi hutobolewa tundu kubwa kuliko mdomo wa hedi ili ukingo wake usijitokeze kwenye mkondo wa hewa, na nyingine hutengenezwa zitoshee hedi za aina kadhaa. Ukifuata ukingo huo bila kupima, unapanua mdomo halafu njia inabana tena sentimita chache ndani, hasa kwenye injini ambazo fimbo za kusukuma valvu hupita kando ya njia ya hewa. Hewa inapoteza mwendo kwenye upana, inalazimika kukimbia tena kwenye mbano, na umetumia siku nzima kutengeneza njia iliyo mbaya kuliko ile ya kiwandani.

Tazama mfano wa V8 ndogo ya Chevrolet (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V), injini ambayo huenda imelandanishwa kuliko nyingine yoyote. Gasketi ya Fel-Pro nambari 1205 ina tundu la takriban milimita 32.5 kwa 53. Ile ya 1206 ina takriban milimita 34 kwa 56. Kwa macho zinafanana, lakini eneo la tundu la pili linazidi la kwanza kwa takriban asilimia 10. Anayechukua 1206 kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana, kisha akakata hedi ya kawaida kuifuata, amebadilisha tabia ya injini bila kukusudia. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na njia ya hewa, na gasketi inafuata.

Nani amfuate nani

Mstari wa kukata unaweza kutoka sehemu tatu, na kila moja inadai gasketi ya tabia yake.

Wapo wanaozifanya hedi na manifoldi zote mbili zifuate gasketi. Ni rahisi kuchora, na ukibadilisha manifoldi baadaye unakuwa na kipimo kilekile cha kuifuata. Inafaa pale tundu la gasketi linapouzidi mdomo wa hedi kwa milimita moja hivi au pungufu kila upande, na pale ukuta wa njia una nyama ya kutosha. Zaidi ya hapo unakaribia maji ya kupozea, au sehemu ya kukalia gasketi inabaki nyembamba mno kushika.

Wapo wanaoiacha hedi kama ilivyo na kuifanya manifoldi iifuate. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu salama zaidi kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, kwa sababu manifoldi ikiharibika inabadilishika kwa urahisi kuliko hedi. Hapa gasketi haichorwi kabisa. Unakata kiolezo cha karatasi ngumu kinachofuata mdomo halisi wa hedi pamoja na mashimo ya bolti, unakihamishia kwenye manifoldi, kisha unatafuta gasketi ambayo tundu lake limeuzidi mdomo huo kidogo.

Na wapo wanaoacha mdomo wa manifoldi uwe mdogo kuliko wa hedi, nusu milimita hadi milimita moja kila upande, kwa makusudi. Sababu yao ni ya msingi. Hewa inatoka kwenye manifoldi kuelekea hedi. Mdomo wa manifoldi ukiwa mkubwa kuliko wa hedi, hewa inagonga kizingiti cha chuma uso kwa uso, na hilo ndilo kosa hasa ambalo kulandanisha kumekuja kuliondoa. Ukiwa mdogo, hewa inashuka ngazi ndogo na kuendelea na safari. Hasara yake ni ndogo sana. Zaidi ya hayo, kwenye injini yenye kemshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu, ngazi hiyo huzuia kiasi hewa inayorudi nyuma injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo. Mtindo huu pia unakupa nafasi ya kukosea, kwa kuwa manifoldi ikikaa nusu milimita kando bado hakuna kizingiti kinachojitokeza.

Vyovyote utakavyochagua, sheria mbili hazibadiliki. Gasketi isijitokeze ndani ya njia hata kidogo. Na ukishapanua mdomo, ukate kwa kulegeza polepole kuelekea ndani, sentimita mbili na nusu hivi, hadi umbo jipya liungane na la zamani bila tuta.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima gasketi zote nne kwa mambo haya:

- Tundu: linapatikana kwa ukubwa gani, na je, linaweza kupunguzwa au kupanuliwa kwa mkono?
- Uso na pengo: inahitaji uso laini na ulionyooka kiasi gani, na inavumilia pengo kiasi gani?
- Joto, mafuta na maji: inastahimili nini, na inachakaa vipi?
- Kufunga na kufungua: inataka mkazo gani, na je, inarudishika?
- Inamfaa nani.

Kigezo cha pengo kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kinasahaulika mno. Kwenye injini ya V, manifoldi inakaa katikati ya hedi mbili kama kabari. Hedi zikipigwa skimu, yaani uso wake wa chini ukinyolewa mashineni, zinashuka na kusogeleana, na manifoldi inabaki imeinuka: mashimo ya bolti hayakutani, na midomo uliyoilandanisha mezani inapishana ikishafungwa. Kwa V8 ndogo ya Chevrolet yenye hedi ambazo valvu zake zimelala kwa pembe ya digrii 23, hesabu inayotumika ni kuzidisha kiasi kilichoondolewa chini ya hedi kwa 1.23 ili kupata kiasi cha kuondoa upande wa manifoldi. Hedi ikipunguzwa milimita 0.5, uso wa manifoldi unahitaji kupunguzwa karibu milimita 0.6. Unene wa gasketi unaingia kwenye hesabu hiyohiyo, kwani gasketi nene inainua manifoldi na nyembamba inaishusha. Kwa hiyo usilandanishe kwa gasketi ya milimita 1.5 halafu ukafunga ya milimita 3, hata kama matundu yao yanalingana kabisa.

Kwenye injini za mstari mmoja shida hiyo haipo. Iliyopo ni nyingine: pale ambapo manifoldi ya hewa na ya moshi zinashikwa na nati zilezile, miguu ya manifoldi zote mbili lazima iwe na unene sawa. Ikitofautiana, kishikizo kinaibana moja na kuilegeza jirani yake, na hakuna gasketi itakayoziba hapo.

Gasketi ya nyuzi zilizoshindiliwa

Hii ndiyo bapa ya kijivu, nyeusi au buluu ambayo wengi wanaijua. Ni shiti ya nyuzi zilizofungwa kwa raba, wakati mwingine ikiwa na bati jembamba katikati, na mara nyingi ina mstari wa silikoni uliochapwa kuzunguka matundu.

*Tundu.* Hapa ndipo inapozishinda nyingine. Kwa injini zinazopendwa na watengenezaji wa mbio, inapatikana kwa ukubwa mbalimbali na unene mbalimbali, milimita 1.5 ukiwa wa kawaida. Ile isiyo na bati inakatika kwa wembe mkali, kwa hiyo tundu dogo unaweza kulipanua lifuate njia yako. Kabla ya kukata, angalia mstari wa silikoni ulipo. Ukiukata mstari huo umeondoa kile kilichokusudiwa kuziba, na gasketi inabaki kutegemea nyuzi peke yake. Yenye bati katikati usiikate kwa wembe. Inaacha nyuzi zinazoning'inia na ncha za chuma ndani ya njia, na chochote kitakachokatika hapo kitaishia kwenye silinda.

*Uso na pengo.* Inavumilia. Mikwaruzo midogo na mashimo membamba ya kutu kwenye chuma cha kusubu inayajaza. Tofauti ndogo za pembe kati ya hedi na manifoldi inazimeza pia, ingawa si ruhusa ya kuacha kupima.

*Joto, mafuta na maji.* Udhaifu wake ni kulegea. Baada ya joto la mara kadhaa nyuzi zinashindiliwa zaidi na mkazo wa bolti unapungua. Kwenye sehemu ya maji, ukingo usiozibwa vizuri hunyonya unyevu na kuoza polepole. Na pale manifoldi ya alumini inapokaa juu ya hedi za chuma cha kusubu kuna msuguano wa kudumu: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwenye urefu wa milimita 500, joto likipanda nyuzi 80 za Selsiasi, tofauti ni karibu nusu milimita. Kila injini inapowaka na kupoa, nyuso hizo mbili zinaisugua gasketi. Yenye bati katikati inastahimili msuguano huo vizuri kuliko ya nyuzi tupu.

*Kufunga na kufungua.* Inataka mkazo wa wastani, na inataka kukazwa tena baada ya injini kuwaka na kupoa, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Kuifungua ni kazi, kwa kuwa hubanduka vipande vipande. Isirudishwe.

*Inamfaa nani.* Aliyekata njia kwa ukubwa usio wa kiwandani, mwenye injini ya zamani yenye nyuso zisizo kamilifu, na yeyote anayetaka kuchagua unene ili kurekebisha mkao wa manifoldi.

Gasketi ya chuma iliyopakwa raba

Ni bati moja la chuma au alumini, au matabaka kadhaa ya chuma cha pua, lenye tuta lililogandamizwa kuzunguka kila tundu na kupakwa raba nyembamba. Tuta hilo ni springi. Linabonyea na kusukuma nyuma dhidi ya nyuso zote mbili, na ndilo linaloziba.

*Tundu.* Halibadilishiki. Kulipanua ni kukata tuta, na bila tuta imebaki bati tupu. Unachukua ukubwa uliopo, kisha unapanga njia zako zibaki ndani ya tuta kwa usalama. Hili ni kikwazo halisi kwa mlandanishaji, lakini lina faida moja: tundu lililokatwa kiwandani ni sahihi na halivutiki, kwa hiyo kama umeamua hedi na manifoldi vifuate gasketi, ukingo wa chuma unakupa mstari safi kuliko nyuzi zenye manyoya.

*Uso na pengo.* Inadai. Uso uwe umenyooka na laini kuliko unaotosha kwa nyuzi. Grainda iliyoteleza na kukwaruza uso wa kukalia gasketi, hata mkwaruzo mmoja unaovuka kutoka njia hadi nje, inatosha kuingiza hewa. Kwa kuwa ni nyembamba, haina nafasi ya kumeza pembe mbovu.

*Joto, mafuta na maji.* Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Hailegei kama nyuzi, hainyonyi maji, na springi yake inafuata mwendo wa alumini na chuma vikitanuka tofauti. Injini yenye chaja ya hewa, ambamo manifoldi inasukumwa kwa ndani badala ya kunyonya tu, inanufaika sana nayo.

*Kufunga na kufungua.* Mkazo kamili, kwa hatua, kwa spana ya kupimia. Usipake silikoni ya tyubu juu ya tuta. Raba yake inatosha. Ikiondolewa hutoka nzima na nyuso hubaki safi, jambo la kufurahisha kwa anayefungua mara kwa mara, ila tuta likishabonyea halirudi kama lilivyokuwa. Weka mpya.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyuso zilizotoka mashineni, injini ya shinikizo, na njia ambazo hazikupanuliwa kupita ukubwa wa kiwandani.

Fremu ya plastiki yenye ukingo wa raba

Injini nyingi za miaka ya karibuni zinatumia hii. Kuna zenye fremu ngumu ya nailoni iliyobeba raba pande zote mbili, na kuna ambazo raba inaingia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya manifoldi yenyewe, kama kwenye V8 za LS za General Motors zilizoanza 1997.

*Tundu.* Usiikate, na usichore kwa kuifuata. Raba imekaa karibu sana na mdomo, na mfereji wake una ukuta mwembamba. Ukipanua mdomo wa manifoldi ya plastiki hadi ukaugusa mfereji, manifoldi imekwisha. Kwa injini hizi mstari wa kukata utoke kwenye mdomo wa hedi au wa manifoldi, kamwe usitoke kwenye gasketi. Mara nyingi kazi inayofaa ni ndogo tu: kuondoa mabaki ya usubu kwenye mdomo wa hedi, kulainisha ukingo, basi.

*Uso na pengo.* Raba inafuata uso vizuri na inasamehe mikwaruzo midogo. Pengo la pembe halisamehe, kwa sababu fremu ina unene maalumu, na hedi iliyopigwa skimu sana inaivuruga.

*Joto, mafuta na maji.* Raba bora inastahimili petroli, oili na joto la injini kwa miaka mingi. Fremu ndiyo inayozeeka: nailoni hukauka, hupinda na kupasuka, hasa pale inapogusana na maji ya moto. Injini ambazo manifoldi haipitishi maji zinaepuka sehemu kubwa ya tatizo hilo. Faida nyingine ni kwamba plastiki haipitishi joto kwa wepesi, kwa hiyo manifoldi inabaki baridi kidogo.

*Kufunga na kufungua.* Mkazo mdogo kuliko mkono uliozoea chuma unavyotarajia. Bolti za manifoldi ya LS hukazwa kwa hatua mbili, niutoni mita 5 kwanza kisha 10. Linganisha na niutoni mita 40 hivi za V8 ndogo ya zamani yenye manifoldi ya chuma. Ukikaza kwa mazoea unaponda fremu au kupasua manifoldi. Uzuri wake ni kwamba raba ikiwa bado laini na haijakatika inaweza kurudishwa, jambo ambalo aina nyingine zilizotajwa hapa haziruhusu.

*Inamfaa nani.* Mwenye injini iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwingine haihamishiki.

Gasketi ya kukata mwenyewe

Shiti ya nyuzi za aramidi zilizofungwa kwa raba ya naitrili, kisu kikali, vitoboleo vya mviringo, na muda.

*Tundu.* Lolote utakalo. Umelandanisha njia kwa umbo ambalo hakuna kiwanda kinachotengeneza gasketi yake? Hii ndiyo inayokufuata wewe badala ya wewe kuifuata. Kata kwa kiolezo kilekile cha karatasi ulichochorea manifoldi, kisha ongeza milimita moja hivi kuzunguka tundu. Mashimo ya bolti yatoboe kwanza, uifunge shiti kwa bolti, ndipo ukate matundu ya hewa. Ukianza na matundu makubwa shiti inasogea na kila kitu kinapishana. Usiigonge kwa nyundo juu ya ukingo wa alumini kama wengine wafanyavyo. Ukingo ulioulainisha kwa saa nzima unabonyea kwa pigo moja.

*Uso na pengo.* Sawa na ya nyuzi ya kiwandani, ila haina mstari wa silikoni wa kusaidia, kwa hiyo uso uwe msafi zaidi.

*Joto, mafuta na maji.* Inategemea shiti uliyonunua. Hakikisha imeandikwa kuwa inafaa kwa petroli, na kwa ethanoli kama mafuta yako yamechanganywa nayo. Shiti ya koki au karatasi ya kawaida isikaribie hapa. Kwa injini ambayo manifoldi inapitisha maji na oili pamoja na hewa, mimi ningesita kuitumia.

*Kufunga na kufungua.* Kama ya nyuzi, ikiwa ni pamoja na kukazwa tena.

*Inamfaa nani.* Mwenye injini adimu, pikipiki, injini za mstari mmoja zenye manifoldi kavu, na aliyebadilisha umbo la njia kabisa.

Kufunga, bila kujali umechagua ipi

Gasketi nzuri iliyofungwa kando ya mstari inaharibu kazi yote ya grainda, kwa hiyo sehemu hii nairefusha kwa makusudi.

Mashimo ya bolti ya gasketi na ya manifoldi huwa mapana kuliko bolti zenyewe, na kila kimoja kinaweza kucheza. Ukichora manifoldi ikiwa imesogea upande mmoja na kuifunga ikiwa imesogea upande wa pili, umelandanisha kitu ambacho hakipo. Dawa ni kuweka alama ya mkao. Funga manifoldi na gasketi halisi utakayotumia, au nyingine ya unene uleule, iweke mahali pake, kisha toboa matundu mawili madogo ya pini kwenye nyama ya ziada ya miguu ya manifoldi hadi kwenye hedi, mbali na maji na mbali na njia. Tangu hapo kila kipimo na kila mchoro ufanyike pini zikiwa ndani.

Ukisha kukata, hakiki kwa wino. Paka gasketi ya zamani, au karatasi yenye unene huohuo, wino mwembamba pande zote mbili, funga kwa mkazo mdogo, kisha fungua usome. Alama ikiwa imekolea juu na kufifia chini, pembe hazilingani na gasketi itavuja upande wa chini. Fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia pengo) kwenye kona nne itakuambia jambo hilohilo kwa namba. Kusahihisha hapa ni kazi ya mashine, silikoni haitoshi.

Usafi. Ondoa mabaki kwa kipangusio cha plastiki au cha shaba. Zile pedi za kusugua zinazozungushwa na grainda huacha vumbi kali linaloingia kwenye oili na kula beringi za kranki, kwa hiyo zisitumike injini ikiwa wazi. Kabla ya kukata chochote ziba njia zote na bonde la katikati (nafasi iliyo kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi), na hedi iliyokatwa ioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kurudi kwenye injini.

Silikoni ya tyubu itumike kwa kiasi. Mstari mwembamba kuzunguka matundu ya maji unasaidia gasketi ya nyuzi. Kwenye kuta mbili za mbele na nyuma za bonde la injini ya V, mstari wa unene wa milimita 6 hivi mara nyingi hushika vizuri kuliko vipande vya koki au raba vinavyokuja na gasketi, maana vipande hivyo vinaweza kuinua ncha za manifoldi na kuteleza nje. Kuzunguka njia za hewa zinazopitisha petroli usiiweke kabisa: petroli inailainisha silikoni, inabanduka na kumezwa na silinda. Bolti ambazo mashimo yake yanafika kwenye maji au oili zipakwe dawa ya kuziba nyuzi za skrubu.

Kaza kuanzia katikati kuelekea nje, kwa hatua mbili au tatu, kwa namba ya mtengenezaji wa manifoldi yako.

Baada ya kuwasha, sikiliza sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Ikipanda na kushuka, au kompyuta ikiongeza petroli kwenye sailensa na kuacha ukiongeza mzunguko, kuna mahali inavuta hewa. Mvujo wa nje unaonekana kwa mashine ya moshi. Mvujo wa ndani, ule wa upande wa chini unaonyonya oili kutoka kwenye bonde, hauonekani kwa macho: utajionyesha kwa moshi wa buluu na plagi zenye oili. Kuupima ni rahisi. Ondoa na kuziba valvu ya kupumulia kranki na mipira mingine ya kupumulia, weka kiganja juu ya mdomo wa kujazia oili injini ikiwa kwenye sailensa. Kwa kawaida hewa inasukuma kiganja kidogo. Ikikivuta, gasketi inavuja upande wa chini.

Kulingana na hali yako

Gari la matumizi ya kila siku, hedi haijapigwa skimu, unataka tu midomo isipishane: iache hedi, ifanye manifoldi iifuate au iwe ndogo kwa nusu milimita, na funga gasketi ya aina ileile iliyotoka kiwandani. Kama ni ya fremu ya plastiki, usijaribu kuigeuza kuwa kiolezo.

Injini ya zamani ya V yenye hedi za chuma cha kusubu na manifoldi ya alumini: ya nyuzi yenye bati katikati, unene uliochaguliwa baada ya kupima pembe, na kukazwa tena baada ya siku za kwanza. Kama kabureta yako inahitaji joto la njia ya moshi inayopita chini ya manifoldi ili iwake vizuri asubuhi za baridi, usiizibe njia hiyo kwa sababu tu gasketi mpya imekuja na kizibo.

Hedi zilizopigwa skimu zaidi ya mara moja: peleka manifoldi mashineni kwanza. Ukishapata jiometri sahihi, chagua kati ya nyuzi na chuma kwa kuangalia ubora wa uso uliorudi kutoka mashineni.

Injini yenye chaja ya hewa na nyuso mpya: ya chuma iliyopakwa raba, njia zikibaki ndani ya tuta. Kama njia tayari zimepanuliwa hadi kwenye tuta, rudi kwenye ya nyuzi yenye bati na tundu kubwa, na ukubali kuikagua mara nyingi zaidi.

Injini ya mbio inayofunguliwa kila mara: hapa watu wenye uzoefu wanagawanyika kwa haki. Anayebadilisha manifoldi ili kujaribu anafurahia gasketi ya chuma inayotoka nzima. Anayebadilisha umbo la njia mara kwa mara anafurahia nyuzi zinazokatika. Wote wawili wanahitaji pini za mkao.

Pikipiki, injini ndogo ya mstari mmoja, au injini adimu isiyo na vipuri: kata yako mwenyewe kwa shiti ya aramidi, na uhifadhi kiolezo cha karatasi ndani ya bahasha chenye alama ya upande unaotazama hedi, kwa sababu utakihitaji kila utakapofungua manifoldi.